Gari kulala chini ni raha, lakini umeuliza shoki zako?

Ukisimama pale makutano ya Rongo jioni ya Ijumaa, pale barabara ya kwenda Homa Bay inapoachana na ile ya Kisii na Migori, utaiona tu. Probox zimejaa abiria hadi buti. Lori la miwa linapumua kuelekea Awendo. Halafu katikati yao inapita Subaru moja nyeusi, rimu zinang'aa, tairi zimemezwa na madigadi, imelala chini kama paka anayevizia panya. Wanafunzi wa chuo wanatoa simu. Boda wanapiga honi. Dereva anajifanya haoni.

Najua hiyo raha kwa sababu huyo dereva nilikuwa mimi.

Kama wewe pia umeanza kuweka pesa ili ushushe gari lako, au la mzazi wako, ama hiyo Fielder unayofanyia kazi ya teksi, tulia kidogo usome. Sitakwambia uache. Nataka tu ujue nini hutokea pale chini ukibadilisha springi na kuacha shoki zile zile zilizokuja na gari. Mimi nililipia somo hilo, na karibu nililipie na maisha ya mama yangu.

Kila mmoja ana kazi yake

Niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya ufundi wa magari. Karo iligoma, nami nikagoma nayo. Kwa hiyo usidhani naongea kama injinia. Lakini hili nililielewa kabla sijaondoka darasani, nikalisahau siku nilipoona springi nyekundu zinauzwa.

Springi hubeba uzito wa gari. Gurudumu likipanda tuta, springi inabanwa, halafu inataka kurudi ilivyokuwa. Ukiiachia yenyewe, itarusha gari juu na chini mara nyingi kama kitanda cha kuchezea watoto. Hapo ndipo shoki inaingia. Ni bomba lenye mafuta na pistoni. Pistoni ikitembea, mafuta yanalazimika kupita kwenye vitundu vidogo, na ile nguvu ya kuruka inageuka kuwa joto. Gari linatulia, tairi inabaki chini.

Kumbuka hilo neno: tairi inabaki chini. Watu hudhani shoki ni ya starehe tu, ili makalio yasiumie. Hapana. Tairi ikiwa hewani haishiki breki wala haifuati stelingi.

Sasa, waliotengeneza gari walipima vitundu vya shoki kulingana na springi ile ile waliyoweka. Hao wawili ni kama mtu na mkewe: wamezoeana. Ukimleta mmoja mgeni, lazima nyumba itikisike.

Nilichofanya

Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Nairobi. Aliniachia Impreza yake Rongo nimfanyie shughuli za nyumbani na nijipatie kitu kidogo kwa kubeba watu. Nilipata springi fupi za mtumba kwa Sh9,000. Muuzaji akaniapia zinashusha gari sentimita 4 "na hakuna kingine cha kubadilisha".

Nilizipeleka kwa fundi mmoja wa jua kali, mzee ambaye ametengeneza magari ya hapa tangu sijazaliwa. Aliziangalia, akaangalia shoki, akafuta mikono.

"Kijana, hizi shoki zimezeeka. Springi ngumu juu ya shoki mzee, itakushinda."

"Jaduong', wewe funga tu. Hata Nairobi wanafanya hivyo."

"Nairobi wana lami. Wewe una barabara ya Homa Bay." Akafunga. Pesa ni pesa.

Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme. Nikapiga picha mia. Na niwe mkweli: kwenye lami safi, gari lilikuwa tamu. Gari likikaa chini, uzito wake nao uko chini, kwa hiyo halilali sana kwenye kona. Stelingi inajibu haraka. Hiyo faida ni ya kweli, na ndiyo maana magari ya mbio za lami hushushwa.

Hesabu ndogo tu

Shoki ina safari yake, umbali ambao inaweza kubanwa kabla gari halijafika kwenye ile raba ya kugongea iliyowekwa ili chuma kisigonge chuma. Tuseme gari lako likiwa tupu limebakiza sentimita 7 za safari hiyo. Umelishusha sentimita 4. Umebaki na 3. Sasa pakia watu watano na mizigo yao: gari linaweza kuzama sentimita 2 au zaidi, hasa nyuma. Umebaki na nini? Sentimita 1 au chini yake. Na bado hujafika kwenye tuta la kwanza.

Kutoka hapo, kila shimo ni kipigo. Gari halina springi tena, linakaa juu ya raba. Raba ikichoka, pistoni inashuka hadi mwisho wa bomba na kugonga vali iliyo chini. Ndiyo ile sauti ya "kop!" unayosikia ukadhani ni jiwe.

Shida ya pili ni ugumu. Springi fupi nzuri hutengenezwa ngumu zaidi kwa makusudi, ili gari lisigonge chini kila mara. Lakini springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi, na shoki yako ilipimiwa springi laini. Ukiongeza ugumu wa springi kwa asilimia 30 na kuacha shoki ile ile, uwezo wa kutuliza mrusho unapungua kwa karibu asilimia 12. Hiyo ni kwa shoki mpya.

Na nani ana shoki mpya? Sheria ya Kenya inaruhusu gari la mtumba kuingia likiwa na umri usiozidi miaka 8. Maana yake gari "jipya" ulilonunua linaweza kuwa na shoki zilizofanya kazi Japani miaka saba, halafu zikaja kumalizia uzee kwenye matuta yetu. Ukiziongezea springi ngumu, umempa babu mzigo wa kijana.

Ya tatu ni sili, ile raba inayozuia mafuta yasitoke. Shoki iliyozoea kutembea sehemu fulani ya bomba sasa inafanya kazi chini zaidi, haraka zaidi na kwa joto zaidi. Sili inachoka, mafuta yanaanza kulia. Ukiona shoki imelowa na vumbi limeganda juu yake kama ugali uliomwagikiwa supu, jua inakuaga.

Kuna na ya nne ambayo shoki haihusiki nayo moja kwa moja: gari likishuka, pembe za magurudumu hubadilika. Tairi huanza kuinama kwa ndani. Kwa nje unaiona ina uzi, ndani imekuwa kipara. Zangu mbili za nyuma ziliisha hivyo, nami sikujua mpaka siku ile.

Siku ile

Ilikuwa Ijumaa. Shangazi wa mama alikuwa anazikwa upande wa Homa Bay. Nikabeba mama, wamama wawili wa chama chake, na mjomba mmoja mwenye mwili. Buti ilikuwa na sufuria na gunia la mchele. Gari lilikuwa limelala hadi aibu.

Dalili nilikuwa nazo wiki tatu. Likivuka tuta, linaendelea kudunda mara tatu, nne. Nyuma kulikuwa na sauti. Shoki moja ilikuwa imelowa. Nilijua. Nilikuwa nangoja "nikipata pesa".

Kabla ya Rodi Kopany kulikuwa na kona yenye lami iliyopigwa viraka, na mvua ilikuwa imenyesha kidogo. Sikuwa mbio, nakuapia. Nyuma iligonga kiraka cha kwanza, ikaruka. Kabla haijatulia ikagonga cha pili. Nilihisi gari jepesi, kama limesahau barabara. Mkia ukatoka, tukaingia upande wa pili, na mbele yetu trekta la miwa linakuja.

Aliyetuokoa ni dereva wa lile trekta. Aliliteremsha kandokando mpaka kwenye nyasi. Tulipita kati yake na mtaro, sijui vipi. Gari liliposimama hakuna aliyeongea. Mchele ulikuwa umemwagika buti nzima.

Mama ndiye alivunja kimya. Hakupiga kelele, ndiyo maana iliniuma. Alisema, "Nyathina, hii gari ni ya kubeba watu ama ya kupigwa picha?"

Sikuwa na jibu. Tulifika mazishini mwendo wa kobe, na jioni walirudi Rongo na matatu.

Gharama ya kubana matumizi

Kurudisha gari kulinigharimu hivi: shoki nne mpya, Sh32,000. Tairi mbili, Sh13,000. Springi za kwanza nilikuwa nimeuza kwa mtu wa vyuma chakavu kwa Sh800, kwa hiyo nikatafuta nyingine za mtumba, Sh8,000. Fundi na kupima pembe za magurudumu, Sh5,000. Jumla Sh58,000 kwa sababu ya springi za elfu tisa. Nimelipa deni la chama cha mama mwezi kwa mwezi, na kaka alinipigia simu moja fupi sana.

Yule mzee wa jua kali hakunicheka. Alifunga, akanipa ile springi nyekundu mkononi. "Hii si mbaya. Ilikosa mwenzake tu."

Kama bado unataka kushusha

Basi sikiliza ya huyo mzee, pamoja na yale niliyojifunza mimi.

Usikate springi. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata mmoja, inakuwa ngumu kwa asilimia 20 na fupi kiasi kwamba gari likiinuliwa na jeki inaweza kulegea na kutoka kwenye kiti chake. Na usikubali fundi aichome kwa gesi ili ilale. Chuma cha springi kikichomwa hivyo kinapoteza nguvu yake, na kinaweza kuvunjika siku yoyote.

Nunua springi na shoki kama jozi. Kuna shoki zinazotengenezwa fupi mahsusi kwa magari yaliyoshushwa. Bilstein, kwa mfano, wana aina ya B8 kwa kazi hiyo hiyo. Kama bei inakutisha, afadhali usubiri kuliko kununua nusu.

Kama lazima ubaki na shoki za kawaida, shusha kidogo, sentimita 2 hivi, kwa springi zilizotengenezwa kwa gari lako na mtengenezaji anayesema wazi zinafanya kazi na shoki za kawaida. Na shoki ziwe nzima, si za miaka kumi. Hata hivyo zitachakaa mapema. Ukijua hilo, weka pesa kando.

Pima pembe za magurudumu baada ya kufunga, halafu pitisha kiganja ndani ya tairi kila wiki. Ukihisi mabonde mabonde, tairi inaruka barabarani na shoki imechoka.

Fanya jaribio la bure: bonyeza kona ya gari kwa nguvu, achia. Likipanda na kutulia, sawa. Likiendelea kucheza, kuna shida. Lakini likitulia usifunge kesi hapo, maana shoki iliyoanza kuchoka inaweza kufaulu mtihani huo. Chungulia pia kama inavuja.

Mwambie anayekukatia bima kwamba umebadilisha gari. Ukikaa kimya, siku ya ajali ndiyo watauliza. Na tafadhali, usiuze springi za kwanza. Ziweke hata chini ya kitanda.

Jambo la mwisho. Vijana tunaopenda Subaru hupenda kumtaja Colin McRae. Mwaka wa 1997 alishinda Safari Rally hapa Kenya na Impreza. Tafuta picha ya lile gari. Limesimama juu, lina nafasi kubwa chini ya tumbo, kwa sababu waliolitengeneza waliangalia barabara kwanza. Hata mashindano yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 kule Naivasha, hukuona gari la rali limelala chini.

Impreza ya kaka sasa iko juu kama ilivyotoka kiwandani. Pale makutano hakuna anayeitolea simu. Lakini Jumapili mama huingia mbele, anafunga mkanda, anaweka Biblia kwenye paja na kulala usingizi mpaka kanisani. Zamani alikuwa anashika kile kishikio cha juu ya mlango njia yote, nami nilidhani anaogopa spidi.