Kabla ya Kumlaumu Fundi, Kagueni Chipu



Sisi mafundi wa Nakawa tukiletewa kompyuta kuukuu ya nyumbani, kama BBC Micro iliyotoka mwaka 1981, chipu ya kumbukumbu ikikataa programu mpya lawama hutuangukia sisi. Basi tuelewe kazi yenyewe.

Chipu ya EPROM ikiwa tupu, kila biti ni 1. Mashine ya kuandikia hugeuza 1 kuwa 0 tu. Kurudisha 0 kuwa 1 ni kazi ya taa ya urujuanimno. Ndiyo maana hatuandiki juu ya programu ya zamani.

Kwanza, tusome chipu na kuweka nakala. Pili, tusafishe kidirisha chake kwa spiriti, maana gundi ya karatasi huzuia mwanga. Kisha taa, dakika 20 hivi. Tatu, tuisome tena: kila baiti iwe FF. Ikiwa sivyo, turudie. Nne, tutazame namba: Intel 2764 huandikwa kwa volti 21, lakini 2764A kwa volti 12.5. Ukiipa hiyo ya pili volti 21, umeiua. Mwisho, tufunike kidirisha.

Taa hiyo huunguza macho na ngozi. Mwajiri atoe kisanduku kinachofungika. Kiganja si kinga.

Na chipu iliyochakaa kwa uzee si kosa la mfanyakazi. Ukitaka kukatwa mshahara kwa ajili yake, usinyamaze: andika hatua ulizofuata, ulete shauri kwenye tawi lako.