Damu Katika Chokaa ya Dunga

Barabara ya Chwaka hupita Dunga, katikati ya kisiwa cha Unguja, na gari za abiria hazipunguzi mwendo zinapofika pale. Anayejua ndiye anayeshuka. Pana miti mikubwa, pana kuta za mawe zilizobaki nusunusu, pana ngazi. Hayo ni magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa kisiwa, waliokuwa na dola yao kabla ya masultani wa Oman kuhamishia baraza lao Unguja. Muhammad bin Ahmed alianza kulijenga mwaka 1846, na kazi ikachukua miaka kumi.

Wakati huo Mwinyi Mkuu alikuwa mfalme wa namna ya pekee. Ardhi yenye rutuba ya magharibi ilikuwa inageuka mashamba ya mikarafuu ya Waarabu, na Wahadimu, ndio wenyeji hao, walikuwa wanasukumwa kusini na mashariki, kwenye ardhi ya mawe ambako muhogo wenyewe huota kwa kuombewa. Seyyid Said, sultani wa Oman, alikuwa na bandari, forodha na merikebu. Mwinyi Mkuu alibaki na watu wake, lakini watu hao walidaiwa kazi za lazima na baadaye kodi, na yeye ndiye aliyesimama kati ya mdai na mdaiwa. Jumba la Dunga lilijengwa katika hali hiyo. Nguvu zenyewe zilikuwa zinamponyoka, na nahisi ndiyo sababu alitaka kuta nene.

Nguvu za namna nyingine alikuwa nazo. Inasimuliwa kwamba Seyyid Said alipomfunga, mvua ilikatika miaka mitatu mfululizo, hata ikabidi arudishwe kwake ndipo mbingu zikafunguka. Inasimuliwa pia kwamba ngoma zake za utawala zilikuwa zikilia zenyewe adui alipokaribia. Ngoma hizo na siwa, baragumu ya utawala, si hadithi, vilikuwepo. Baadaye vilichukuliwa vikahifadhiwa makumbusho mjini. Kulia zenyewe ni jambo la msimuliaji na msikilizaji wake. Ila jambo la mvua halimshangazi mtu aliyekulia mashamba ya Unguja, maana hadi leo ziko kaya za wavyale, wenye dhamana ya ardhi ya mji wao. Hao ndio wanaojua pango lipi lina mzimu, lini pelekwe ubani na mayai, na nani wa kutangulia kuingia. Mtawala aliyezuia mvua ni mvyale mkubwa tu, mwenye kisiwa kizima badala ya kijiji.

Sasa damu. Hadithi ya Dunga inasema jumba lilipokuwa linajengwa, watumwa walichinjwa na damu yao ikachanganywa na chokaa ili kuta zishike na utawala udumu. Kwa sababu hiyo, husemwa, jumba halikukalika: usiku husikika watu, na mtu mwenye akili zake hapiti pale peke yake baada ya magharibi.

Ukuta wa zamani wa Unguja ukibanduka ngozi yake ya nje, ndani hautauona mweupe. Mafundi walijenga kwa mawe ya matumbawe, na kilichoshikanisha mawe ni chokaa iliyochomwa tanuuni, ikachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Udongo huo ndio ulioipa chokaa rangi ya kutu. Mvua ikinyesha ukutani, rangi hukoza na kuchuruzika kidogo kwenye mianya ya mawe. Aliyekwisha ambiwa habari ya damu akiuona ukuta wa namna hiyo baada ya masika, hahitaji shahidi mwingine. Mimi naamini ni udongo. Hata hivyo siamini kwamba kulijua hilo kunaimaliza hadithi, kwa kuwa hadithi haikuanzia kwenye rangi.

Imeanzia kwenye desturi ya msingi. Mtu wa Unguja akitaka kujenga, hata leo anapojenga kwa matofali ya saruji na mabati ya rangi, haanzi na koleo. Huita mwalimu akasomewa Yasini kiwanjani, chetezo kikafukizwa ubani, na mwenye uwezo akachinja mbuzi. Nyama hupikwa, majirani na watoto wa chuo wakala, wakaomba dua. Wako ambao huiacha damu iingie kwenye mtaro wa msingi; wako masheikh wanaolikemea hilo waziwazi na kusema sadaka ni chakula kinacholiwa, si damu inayomwagwa. Mabishano hayo ni ya zamani na hayana dalili ya kuisha. Wengine huongeza zindiko: fingo huzikwa pembe nne za nyumba, au kombe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa maji ya mawaridi, hunyunyizwa vizingitini. Nyumba ikiisha, hahamii mtu kabla ya kusomwa maulidi au hitima. Ndugu wasioalikwa siku hiyo hukasirika kuliko wasioalikwa harusini.

Kwa hiyo msikilizaji wa Unguja anaposikia kwamba mtu alichinjwa msingini, hakimshangazi kile kitendo cha kuchinja. Hicho anakijua. Kinachomtisha ni kwamba mahali pa mbuzi amewekwa binadamu. Hadithi inampima mtawala kwa kipimo ambacho kila mwenye kiwanja anacho: wewe ulitoa nini, na mwenzio alitoa nini. Mbuzi ni mali yako, unaitoa kwa uchungu wako. Mtumwa alikuwa uchungu wa watu wengine.

Mwaka 1865 Muhammad bin Ahmed alifariki. Mwanawe Ahmed akashika nafasi, naye akafa kwa ndui mwaka 1873, na Mwinyi Mkuu mwingine hakupatikana. Jumba lililojengwa kwa miaka kumi lilitumika kwa miaka isiyotimia ishirini. Likaachwa, likaota miti. Miaka ya 1920, sehemu ya magofu ilipokuwa inabomolewa, kikagunduliwa kisima kilichojaa mifupa ya watu hadi nusu yake. Basi hapo hadithi ikapata mguu wa kusimamia.

Mifupa kisimani haithibitishi damu katika chokaa. Karne ile ndui ilikuwa inapita, na kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu Unguja, mjini na mashamba. Maiti zinapozidi wazikaji, mambo mengi hufanywa ambayo hayafanywi siku za raha. Lakini iwe mkono wa mtawala au mkono wa maradhi, waliomo kisimani hawakupata haki yao. Hawakuoshwa. Hawakupata sanda, wala jeneza, wala telkini kaburini, wala hitima ya siku ya tatu, wala arobaini. Unguja mtu hazikwi na nyumba yake tu, huzikwa na mtaa: anayepita njiani hubeba jeneza hatua chache hata kama hamjui marehemu, akampokeza mwingine, akaenda zake. Kisima chenye watu ndani ni jeneza ambalo hakuna aliyelipokea. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema watu wa Dunga waliogopa magofu kwa ujinga. Waliogopa deni.

Hadithi hii ina ndugu mjini. Shangani lipo jumba la Mambo Msiige, lililojengwa na tajiri wa Kiarabu katikati ya karne ya 19. Baadaye likakaliwa na wamisionari wa UMCA, kisha likawa ubalozi mdogo wa Uingereza, kisha hospitali ya Wazungu, kisha ofisi za serikali, na sasa limeingizwa katika hoteli ya kitalii. Juu yake husemwa mambo mawili: kwamba chokaa yake ilikandwa kwa mayai elfu kwa elfu, na kwamba watu walijengewa ukutani wakiwa hai. Beit al-Ajaib nayo, aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ina hadithi ya watumwa waliozikwa chini ya nguzo. Nguzo zenyewe ni za chuma, zimeletwa kwa meli. Chuma ndicho kilichoruhusu vyumba vipana kupita urefu wa boriti za mikoko, ambazo ndizo zilizoamua upana wa kila chumba cha mawe katika pwani hii. Ujenzi wa kisasa kuliko wote Unguja, wenye taa za umeme na lifti, ukatungiwa kisa kilekile cha jumba la chokaa la shamba.

Barghash huyohuyo alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Jumba lake lilipopanda, biashara ya watumwa ilikuwa imepigwa marufuku lakini utumwa wenyewe haukuwa umefutwa. Ulifutwa kwa amri ya 1897. Kwa hiyo hadithi ya nguzo haikukosea hesabu ya miaka.

Nimejiuliza kwa nini hadithi kama hiyo sijapata kuisikia juu ya msikiti. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, na ni mawe yaleyale na chokaa ileile. Umepita karne nyingi kuliko Dunga. Majini ya kusali misikitini usiku yanasimuliwa kila mahali pwani, lakini hayo ni majini mema, yana udhu. Wala sijaisikia juu ya nyumba ya udongo ya mkulima, ingawa nayo ina fingo zake. Damu inasemwa juu ya majumba ya kuamuru: ya mfalme, ya sultani, ya tajiri aliyekataza hata kwa jina la jumba lake mtu asimwige. Tena si kila damu ya majumba hayo inasemwa. Mapigano ya Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipoyapiga mabomu majumba ya sultani pale mbele ya Forodhani, yaliacha takriban watu 500 waliokufa au kujeruhiwa kwa muda usiofika saa moja. Hao wameandikwa vitabuni, wana tarehe. Hadithi ya nguzo haiwataji. Imewachagua wale wasiokuwa na daftari.

Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Mabishano yaliyofuata yalikuwa ya dari, maji ya mvua na fedha za ukarabati, si ya damu, na ndivyo ilivyopasa.

Dunga ilifanyiwa matengenezo kidogo mwaka 1994, na sasa wageni hupitishwa pale wakiwa njiani kwenda pwani ya mashariki. Wenyeji wenyewe wakiingia gofuni hupiga hodi, wakasema bismillahi, na hawamwagi maji ya moto wala kupiga mbinja jioni. Ni adabu ya kuingia penye wenyewe, hata kama wenyewe hawaonekani. Watembeza wageni hawana muda wa hayo. Huanza na damu moja kwa moja, kwa kuwa damu ndiyo inayofungua pochi, na wakishafika kwenye kisima mgeni ameshatoa simu apige picha. Ningependa waanze na kazi za lazima: nani alikata miti, nani alichoma chokaa, nani alibeba mawe kwa miaka kumi huku shamba lake likisukumwa kwenye mawe. Kisha mbuzi wa msingi, ili mgeni aelewe kilichobadilishwa. Damu waifikie mwishoni, na wakifika hapo wasiitie chumvi.