Gole la Alfajiri

Katika vilima vya Marani, kaskazini ya mji wa Kisii, ambako chai hupakana na migomba na kuku aghalabu hulala jikoni, yuko mzee aliyestaafu kazi ya afya ya mifugo, ambaye majirani humwita daktari ingawa mwenyewe hukikataa cheo hicho, na ambaye sharti lake kwa kila amwitaye ni moja tu: afike kabla kuku hawajafunguliwa. Sharti hilo lilinitatiza hata nikaomba ruhusa ya kufuatana naye.

Kuku, alinieleza, ni kiumbe msiri. Mnyonge hudonolewa na wenzake na huonwa upesi na mwewe. Kwa hiyo mgonjwa hudonoa akijikaza, hutembea akijikaza, na siku ajikunyatapo pembeni, undu umepauka na manyoya yamesimama, maradhi yamekwisha kutamalaki batini yake. Ndiyo maana mzee huanzia pale ambapo kuku hawezi kudanganya, yaani katika gole, ule mfuko ulio chini ya shingo, umeelekea kidogo upande wa kulia, upokeao chakula kabla hakijashuka. Mwenye siha hulala gole limejaa. Usiku kucha punje huteremka kwenda kusagwa katika firigisi, na alfajiri pasisalie ila ngozi laini. Basi mzee humtoa kuku gizani angali mzito wa usingizi, akamkumbatia kwapani, miguu imetulia kiganjani, kisha vidole vitatu vikashuka shingoni polepole mno, vikapapasa, vikangoja, vikapapasa tena, naye ameinamisha kichwa asiseme na mtu. Gole likiwa gumu, huenda nyasi ndefu zimejisokota humo. Likiwa tepetepe kama unga uliochacha, na mdomoni mkatoka harufu ya ukali, chakula kimekwama, na sababu yaweza kuwa mbali kabisa na gole lenyewe.

"Haliniambii ni ugonjwa gani," alisema. "Laniambia upo, nami nina wasaa."

Kisha hutazama kinyesi chini ya kilalio, na hapa hasira yake hupanda, kwani wapo wauzao dawa kwa kusikia rangi tu. Kinyesi cha kahawia kizito, chenye kunata na kunuka vibaya, huwatia watu hofu bure, ilhali hutoka mara kwa mara kwa kila kuku mzima, katika vifuko viwili vya mwisho wa utumbo. Damu kwa vifaranga huashiria kuhara damu. Ukijani mkali waweza kuwa kideri. Lakini kuku yeyote aliyeacha kula, kwa sababu yoyote ile, hutoa nyongo tupu, nayo ni ya kijani.

Mfu husema zaidi. Akipasuliwa juu ya jani la mgomba, ini lililovimba lenye rangi ya shaba iliyoingia ukijani humwelekeza mzee kwenye homa ya matumbo ya kuku. Vidoadoa vya damu katika tumbo dogo lililo juu ya firigisi humwelekeza kwenye kideri, maradhi yaliyopewa jina la Newcastle ya Uingereza yalikozuka mwaka 1926, na yaliyoripotiwa Kenya mwaka 1935. Dalili hizi humwelekeza, wala hazimthibitishii. Uthibitisho wataka maabara, na maabara ya mifugo ya kanda iko Kericho, safari ambayo nauli yake hukaribia thamani ya kuku mwenyewe.

Kideri hakina tiba. Chanjo yake, tone moja jichoni, ipo. Lakini huuzwa kwa chupa ya dozi nyingi, haikai ikisha kuchanganywa, na boma lina kuku kumi. Nilimwuliza kwa nini basi watu huwakimbiza sokoni kuku walioanza kuzubaa, wakaueneza ugonjwa vijiji vyote. Alinyamaza, kisha akaniuliza mimi: mjane mwenye kuku kumi, ni nani atakayemlipa wakimfia nyumbani? Sikuwa na jawabu.

Mwenye kuku na apapase gole leo alfajiri, si siku ya msiba, na asikie lilivyo kuku angali mzima. Ikiwa wengi wamekufa kwa mpigo, asipasue hata mmoja, asile, asiuze. Amwite afisa wa mifugo.