Kugandisha Mishipa ya Fahamu Kabla ya Kubadilishiwa Goti

Wazee wetu wengi wenye magoti yaliyolika huogopa upasuaji kwa sababu ya maumivu yanayoufuata. Huko Marekani, baadhi ya madaktari huyawahi maumivu hayo. Siku kadhaa kabla ya kubadilisha goti, huchoma sindano ambayo ncha yake hupoa hadi nyuzi 88 hivi za sentigredi chini ya sifuri. Mishipa ya fahamu ya ngozi ya goti hugandishwa, ikaacha kupeleka maumivu, kisha huota tena baada ya miezi michache. Misuli haipoozi. Lengo ni mgonjwa apunguziwe dawa za jamii ya afyuni, aanze mazoezi mapema. Nasi tusimzuie mgonjwa wetu kwa huruma: goti jipya lisipokunjwa hukakamaa.