Jino Linalosingiziwa

Mtoto wa miezi minane anaharisha, anatapika, mwili unachemka. Bibi anamfungua mdomo, anapitisha kidole kwenye ufizi, na hukumu inatoka papo hapo: anaota meno. Ni hukumu inayosikika Mombasa, Morogoro na Kigoma, na ukiitazama juu juu ina mantiki, maana ufizi kweli umevimba na mtoto kweli anaharisha.

Ikiishia hapo, nafuu. Katika sehemu mbalimbali za Tanzania na Uganda mshtakiwa ni "meno ya plastiki", na hukumu yake hutekelezwa kwa wembe au spoku ya baiskeli. Mtoto anashikiliwa, ufizi unapasuliwa, kinatolewa kitu cheupe, laini, na ndugu wanaonyeshwa kuwa ugonjwa ndio huo umetoka. Kumbe ni chonge changa, jino halali kabisa ambalo bado halijakomaa. Kwa kawaida lingechomoza mtoto akiwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mtoto aliyekuwa anapoteza maji sasa anapoteza na damu, na kidonda kimewafungulia mlango vijidudu vya pepopunda.

Jino linaponzwa na tarehe yake ya kuzaliwa. Meno ya kwanza huchomoza mtoto akikaribia au akipita miezi sita, na miezi hiyohiyo ndiyo kingamwili alizopewa na mama akiwa tumboni zinapungua, anaanzishiwa uji, anajifunza kutambaa, na kila anachokiokota sakafuni anakipeleka kinywani. Virusi vya rota, vinavyoongoza duniani kwa kuwaharisha vibaya watoto wadogo, humwandama mtoto hasa kati ya miezi 6 na 24. Mambo mawili yamekutana kwenye umri mmoja; linaloonekana kwa macho ndilo lililobebeshwa lawama.

Tusimcheke bibi. Mpaka mwaka 1973 hata hospitali kubwa hazikuwa na jibu kwa watoto wengi waliolazwa kwa kuharisha: bakteria walitafutwa kwenye choo, hawakuonekana, faili likafungwa. Mwaka huo, mjini Melbourne, Australia, mtafiti Ruth Bishop na wenzake walichukua vipande vidogo mno vya utumbo wa watoto wagonjwa na kuviweka chini ya hadubini ya elektroni. Ndani ya seli walikuta chembe za mviringo zimesheheni: ndizo virusi vya rota. Kila moja ina upana wa nanomita 70 hivi, yaani ukizipanga elfu kumi na nne kwa mstari hazijafika milimita moja.

Chembe hizo hazihitaji kuwa nyingi. Kumi hadi mia moja zinatosha kumwangusha mtoto, wakati gramu moja ya choo cha mgonjwa inaweza kubeba mabilioni kwa mabilioni. Mama aliyembadilisha nepi na kunawa harakaharaka bado anazo chini ya kucha. Mwanasesere wa plastiki aliyeshikwa na mgonjwa anaweza kukaa nazo siku kadhaa. Ndiyo maana usafi, unaokizuia kipindupindu vizuri, kwa rota hupunguza tu. Kabla ya chanjo karibu kila mtoto duniani aliugua kabla ya kutimiza miaka mitano, wa Stockholm kama wa Tandale. Marekani, pamoja na mabomba yake yote, ilikuwa ikilaza watoto 55,000 hadi 70,000 kila mwaka kwa virusi hivi. Vifo vyao, hata hivyo, vilikuwa kati ya 20 na 60. Waliokufa kwa maelfu walikuwa watoto wa kwetu na wa Asia Kusini, ambako dripu iko mbali.

Ndani ya tumbo mambo huenda hivi. Utumbo mwembamba umetandazwa vijidole vidogo sana vya kufyonza maji na chakula. Rota hushambulia seli zilizokomaa kwenye ncha za vijidole hivyo. Zikifa, maziwa na uji hupita bila kufyonzwa na kuvuta maji kuelekea njia ya kutokea. Juu ya hayo virusi hutengeneza protini iitwayo NSP4, ambayo ni sumu inayozichochea seli zilizobaki kumwaga maji. Mtoto anaharisha kama bomba lililokatika. Ndani ya saa chache macho yamezama, utosi umebonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi.

Lakini uharibifu huo hauenei kila mahali. Seli nyingi zinabaki na mlango ambao mwanasayansi Robert Crane aliueleza mwaka 1960: glukosi na sodiamu huingia kwenye seli kwa pamoja, na zikiingia, maji hufuata. Pakiti ya ORS, yaani chumvi na glukosi za kurudisha maji mwilini, imejengwa juu ya mlango huo mmoja, ndiyo maana vipimo vyake havina mzaha. Pakiti ya lita moja huingia kwenye lita moja ya maji safi, yote kwa mara moja, na kinachobaki baada ya saa 24 humwagwa. Anayekoroga kidogo kidogo kwenye kikombe "ili isiishe haraka" ameshaharibu dawa. Mtoto akiitapika, unasubiri dakika kumi, unaanza tena kijiko kwa kijiko. Ziwa la mama haliachishwi. Zinki hutolewa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, na nusu yake kwa walio chini ya miezi sita.

Vile vidonge vya Flagyl vinavyouzwa dukani kwa kila tumbo vinaua baadhi ya bakteria na amiba, havigusi virusi. Choo kikiwa na damu, hilo ni shauri jingine, mara nyingi la bakteria aina ya Shigela, na la kwenda hospitali leo.

Chanjo ya rota, ya matone, ilianza Tanzania mwishoni mwa 2012 na Kenya mwaka 2014. Wapo wanaoibeza kwa sababu barani Afrika inakinga kwa kiwango cha chini kuliko Ulaya, na ni kweli. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010, chanjo ilipunguza kuharisha kukali kwa rota kwa asilimia 77 Afrika Kusini, na Malawi kwa asilimia 49 tu. Sasa tazama hesabu kwa upande wa pili: kwa kila watoto mia waliochanjwa, nchini Malawi iliepusha wagonjwa 6.7 wa kuharisha kukali kwa mwaka, Afrika Kusini 4.2. Malawi ilikuwa na wagonjwa wengi zaidi, hivyo nusu yao ni wengi kuliko robo tatu ya wachache. Wanaoishia kwenye asilimia hukosa hilo.

Rota ikirudi nyuma, nafasi haibaki wazi. Adenovirusi aina ya 40 na 41, astrovirusi na sapovirusi zimo. Marekani, baada ya chanjo kuenea, norovirusi, iliyotambuliwa kutokana na mlipuko wa shule moja ya Norwalk, Ohio, mwaka 1968, ndiyo iliyoshika usukani wa kuwapeleka watoto kwa daktari. Ina aina nyingi, hubadilika upesi, na hakuna chanjo yake kwenye kadi ya kliniki. Tena ni sugu kwa spiriti: ile chupa ya kitakasa mikono tuliyoizoea wakati wa Korona haiifanyi kitu kikubwa. Kwa hiyo inahitaji sabuni na maji yanayotiririka, na mikono isuguliwe hadi chini ya kucha.