Wamisionari wa miezi miwili: Wakiondoka, mtoto wa kituoni anabaki na nani?

Kila ifikapo Juni, vyuo na shule zinapofungwa Marekani na Ulaya, wapo wanandoa wa Kikristo wanaofunga mizigo na kwenda kujitolea katika makao ya watoto nje ya nchi zao. Wengine huelekea Romania au India, wengine huja Afrika Mashariki. Kwao ni majira ya joto, lakini wakishuka Arusha au Limuru hukuta baridi na kuanza kutafuta sweta.

Aghalabu waumini wenzao ndio wamewachangia nauli. Kwa wiki nane watakorogea watoto uji, watafua nepi, watafundisha nyimbo, na jioni watabeba wadogo mpaka walale. Agosti ikiisha, wanarudi kwao.

Hakuna ubaya katika nia hiyo. Swali ambalo wataalamu wa afya ya mtoto wamekuwa wakiliuliza kwa zaidi ya miaka 70 linamhusu anayebaki. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyebebwa na mikono ileile kila jioni ataelewaje siku ambayo mikono hiyo haipo tena?

Anayekimbilia kila mgeni

Wageni wengi wanaofika kwenye makao ya watoto husimulia jambo moja. Mtoto ambaye hajawahi kuwaona anawakimbilia, anawashika miguu, anataka kubebwa. Mgeni huondoka akiamini amependwa kwa mara ya kwanza tu.

Mzazi aliyelea anajua kuwa mtoto wa nyumbani hafanyi hivyo. Kuanzia miezi minane hivi, mtoto akipewa mtu asiyemjua hulia na kujificha kwenye khanga ya mama yake. Mama huona haya mbele ya wageni, akidhani mtoto ni mwoga. Kumbe hiyo ni dalili njema: mtoto ameshajua nani ni wake na nani si wake.

Mtoto ambaye tangu azaliwe amepita mikononi mwa watu wengi anaweza kukosa hatua hiyo. Humwendea yeyote na kuondoka na yeyote. Wataalamu huitazama tabia hii kama dalili kwamba amekosa mlezi mmoja wa kumtegemea, na ni hatari kwa usalama wake.

Mwaka 1951, daktari wa Uingereza John Bowlby aliandika ripoti kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani (WHO) akieleza kwamba mtoto mchanga anahitaji uhusiano wa karibu na usiokatika na mama yake, au na mtu mmoja anayeshika nafasi hiyo kwa kudumu. Chakula, chanjo na kitanda safi havitoshi.

Walichoona Romania

Ushahidi mzito zaidi ulipatikana Romania. Serikali ya Nicolae Ceausescu ilipoanguka Desemba 1989, dunia ilikuta watoto zaidi ya 100,000 wakiishi katika makao ya serikali. Wakristo wa Magharibi walimiminika kwenda kusaidia, wanandoa wakiwamo.

Kuanzia mwaka 2000, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walifuatilia watoto 136 katika makao ya mji mkuu, Bucharest. Walikuwa na umri wa kati ya miezi sita na miezi 31. Kwa kura, nusu walipelekwa kwa familia za malezi ya kambo zilizolipwa na kusimamiwa na maofisa ustawi, na nusu waliendelea na malezi ya kawaida ya wakati ule.

Miaka ilipopita, waliokwenda kwenye familia walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili na katika kujenga uhusiano na mlezi. Waliohamishwa kabla ya kufikisha miaka miwili ndio waliofaidika zaidi. Mwaka 2004 Romania ilipitisha sheria ya kuzuia watoto wa chini ya miaka miwili kuwekwa kwenye makao, isipokuwa wenye ulemavu mkubwa.

Kwa wanandoa wa miezi miwili, somo ni hili: umri ambao mtoto anapendeza zaidi kubebwa ndio umri ambao kuachwa kunamuumiza zaidi.

Mume na mke huongeza jambo jingine. Kijana mmoja anayejitolea huitwa anko au anti. Mume na mke wanaokula meza moja na watoto na kuomba nao usiku wanafanana na baba na mama. Mtoto wa miaka mitano anayeota nyumba anaweza kuamini kuwa imefika. Wageni hao wakiondoka, wengine wanachukua zamu mwaka unaofuata, na yeye anaanza upya.

Yatima mwenye mama

Jambo jingine ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba sehemu kubwa ya watoto walio kwenye makao duniani si yatima. Cambodia, uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kuwa takriban watoto watatu kati ya kila wanne walikuwa na mzazi aliye hai. Wengi walipelekwa kwa sababu ya umaskini na hamu ya kupata shule. Wakati huohuo makao yaliongezeka kadiri watalii na wafadhili walivyoongezeka.

Wakristo huongozwa na Waraka wa Yakobo, unaohimiza kuwatunza yatima. Andiko hilohilo linawataja wajane pamoja nao. Mjane akisaidiwa kulipa kodi ya chumba, ada na matibabu, mtoto wake hahitaji kupelekwa kituoni.

Nchi za ukanda huu zimeanza kuelekea huko. Mwaka 2012 Rwanda ilihesabu makao 33 yenye watoto na vijana 3,323, kisha ikaanza mpango wa kuwarudisha kwenye familia. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka 10 wa kuhamishia malezi kwenye familia na jamii.

Miezi miwili yenye faida

Hii haimaanishi kwamba wanandoa hao wakae kwao. Umisionari wenyewe una mifano ya kudumu. Amy Carmichael, mzaliwa wa Ireland, alifika India mwaka 1895, akafungua makao ya watoto Dohnavur na hakurudi kwao hadi alipofariki mwaka 1951. Watoto aliowalea hawakulazimika kuzoea mama mpya kila Agosti.

Asiyeweza kukaa miaka anaweza kuchagua kazi nyingine. Anaweza kuezeka paa, kurekebisha visima, kufundisha walezi huduma ya kwanza au kupanga hesabu za kituo. Jikoni na kwenye kufua anaweza kumpunguzia mlezi kazi, ili mlezi ndiye ambebe mtoto. Akicheza na wakubwa, awaambie tangu siku ya kwanza tarehe atakayoondoka, na siku hiyo aage bila kutoroka.

Nauli za ndege za watu wawili kutoka Marekani, kwenda na kurudi, zinaweza pia kulipa mlezi wa kudumu kwa miezi mingi.

Nasi tunaokwenda na zawadi

Huku kwetu, kwaya, vikundi vya kina mama na familia hutembelea makao ya watoto wakati wa Krismasi, Pasaka na Idi wakiwa na mchele, mafuta na sabuni. Mengi ya yaliyosemwa juu yanawahusu hata wanaokaa saa mbili tu.

Kabla ya kwenda, muulize msimamizi kama kituo kina leseni, kama Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavyotaka kwa Tanzania. Uliza mlezi mmoja anahudumia watoto wangapi, amekuwapo kwa muda gani, na mwaka uliopita ni watoto wangapi waliorudishwa kwa ndugu zao. Kituo kizuri hakitachukizwa na maswali hayo.

Mkabidhi mlezi zawadi azigawe mwenyewe, ili watoto wamwone yeye kuwa ndiye anayewatunza. Usipige picha za nyuso zao na kuzirusha mtandaoni. Usingependa mwanao afanyiwe hivyo akiwa mgonjwa wodini.

Ukiona mtoto anateswa au kituo kinakutilia shaka, toa taarifa kwa ofisa ustawi wa jamii wa eneo lako, au piga namba 116 ya huduma kwa mtoto. Namba hiyo inatumika Tanzania na Kenya, na haitozwi gharama.