Picha ya kompyuta nzima: akiba ya ofisi ya kanisa

Katika ofisi nyingi za makanisa yetu, orodha za ubatizo, vyeti vya ndoa, hesabu za sadaka na barua viko siku hizi ndani ya kompyuta moja. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, au virusi vikiingia kwa njia ya flashi, kazi ya miaka inaweza kupotea kwa siku moja.

Wengi hunakili mafaili kwenye flashi. Ni jambo jema, lakini halitoshi. Kompyuta ikifa, mafaili yanabaki, ila lazima kuweka upya Windows, programu ya hesabu na printa. Kazi hiyo inaweza kuchukua siku nyingi, hasa pale intaneti ni ya shida.

Picha ya mfumo ni kitu kingine. Ni nakala ya diski nzima: Windows, programu, mipangilio na mafaili pamoja. Ukiirudisha, kompyuta inakuwa kama ilivyokuwa siku picha ilipochukuliwa. Yaliyoandikwa baada ya siku hiyo hayamo. Kwa hiyo fanyeni yote mawili: picha kila mwezi, mafaili kila juma.

Vinavyohitajika ni diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, flashi tupu, na programu ya bure kama Clonezilla au Rescuezilla. Hii ya pili ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Programu inawekwa ndani ya flashi, kisha kompyuta inawashwa kutoka flashi hiyo, si kutoka Windows. Unachagua diski ya kunakili, unachagua mahali pa kuweka picha, unangoja. Betri ijae kwanza, ili umeme usikatize kazi katikati.

Kurudisha ni njia ileile kwa kugeuza, lakini kuna hatari: kila kilichomo kwenye diski inayopokea kinafutwa. Okoeni kwanza mafaili mapya, na mhakikishe mara mbili diski mliyochagua. Diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani.

Picha isiyojaribiwa si ya kutegemea. Programu hizi zina sehemu ya kukagua kama picha ni nzima; itumieni kila mara. Mkipata diski ya ziada, jaribuni kuirudisha humo kabla ya siku ya shida.

Tena, picha isilale ofisini pamoja na kompyuta. Watu wa Goma wanajua. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Tarehe 27 Mei 2021 mitaa mingi iliamriwa kuhama. Saa kama hiyo hakuna anayebeba kompyuta ya mezani, lakini diski ya nje inaingia mfukoni. Nakala moja ikae kwa mtu mwaminifu, nyingine katika mji mwingine.

Lakini kumbukeni: ndani ya picha hiyo mna majina ya waamini wote na mahali wanapoishi. Akiipata mtu mbaya, anaweza kuwadhuru. Itunzwe kama sanduku la fedha, na watu wawili, si mmoja, wajue ilipo na namna ya kuirudisha.